Sauti Aliyopewa Lorand

Rangi ilitoka, lakini baridi haikutoka. Piroska alikuwa ameizoea kazi ile: kila jioni mumewe akirudi kutoka studio alimkalisha jikoni, akampaka mafuta mazito usoni na kumfuta kwa kitambaa, mpaka sura ya zimwi iondoke na sura ya Lorand irudi. Jioni hiyo kitambaa kilijaa rangi ya kijivu kama kawaida, uso ukabaki safi, ila alipoushika kwa viganja alihisi kama ameshika jiwe lililotolewa kisimani. Na kulikuwa na harufu. Haikuwa ya gundi wala ya rangi. Ilikuwa ya udongo mbichi, uliochimbuliwa baada ya mvua.

"Leo wamekushindisha wapi, mume wangu?"

"Palepale. Kwenye jeneza langu la mbao za maonyesho," alisema Lorand, akafumba macho. "Mle ndani kuna utulivu, Piroska. Mtu anaweza hata kuomba dua."

Kule kwao Budapest, Lorand Szalkai alikuwa mwigizaji wa jukwaani ambaye akinong'ona, watu wa viti vya nyuma kabisa hutoa leso. Alikuja Hollywood wakati picha zilikuwa bado bubu, na uso wake mrefu ukampatia riziki. Kisha picha zikaanza kusema. Kiingereza chake kilichechemea, kila neno likitoka na lafudhi ya kwao, na mabwana wa studio wakawa wanacheka kabla hajamaliza sentensi. Mwishowe walimpa zimwi lisilosema: mguno hapa, mlio pale, basi. Alikubali. Ila chakula cha usiku kilikuwa hakimpiti koo bila kwanza kusema, "Mimi niliyeigiza wafalme, leo nimekuwa bubu."

Baada ya jioni ile, lalamiko hilo halikusikika tena. Lorand alikaa kimya mezani, supu ya pilipili aliyoipenda tangu utotoni akaiacha ipoe, na akiitwa jina alichelewa kuitika, kama mtu anayesubiri mwingine aitikie.

Jirani yao, Bi Refugio, mama wa Kimeksiko aliyekuwa akiwatuliza watoto waliogutuka na kuwapunga pepo watu wazima waliopagawa, alimvuta Piroska mkono kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Mwanangu, mumeo siku hizi anarudi na nani?"

"Na nani tena? Peke yake."

"Mh. Basi mimi masikio yangu yamezeeka. Nasikia nyayo za watu wawili, na mlango unafunguliwa mara moja."

Piroska alicheka, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Fundi wa sauti wa studio, kijana mpole aitwaye Pruitt, ndiye aliyekuja kumchukua Piroska kwa gari lake, akasikilize kitu studio. Nje jua la adhuhuri lilikuwa linaunguza michungwa, lakini ndani ya ukumbi wa kupigia picha milango ilikuwa imefungwa kuzuia kelele, na giza lilikuwa zito, isipokuwa pale kwenye taa, alipolala Lorand ndani ya jeneza, mikono kifuani.

"Vaa hivi, mama," Pruitt alinong'ona, akamvika masikioni visikilizio vya mashine yake. "Halafu uniambie kama mimi ndiye ninayerukwa na akili."

Piroska alisikia pumzi ya mumewe, akaitambua, ile yenye filimbi ndogo ya pua iliyovunjika ujanani. Kisha, chini yake, akasikia pumzi nyingine, ndefu, yenye unyevu, iliyovuta hewa kila Lorand alipoitoa, kama watu wawili wanaogawana kinywa kimoja, na jinsi alivyozidi kusikiliza ndivyo ile ya filimbi ilivyozidi kufifia na ile nyingine kunenepa, mpaka ikafika mahali akawa haisikii kabisa ile aliyolala nayo ubavuni miaka yote ya ndoa yake, na pahali pake sauti ikasema polepole, kwa Kiingereza safi kisicho na doa, "Bado kidogo."

Midomo ya Lorand haikuwa imetikisika.

Alimwendea mwongozaji, Bwana Crewe, akamshika pindo la koti. "Bwana, nakuomba, mtoe mume wangu mle. Kuna kitu pamoja naye."

"Mama, kitu hicho ndicho ninachokilipia," alisema Crewe, na wasaidizi wake wakacheka. "Kama ni mzimu, mwache. Mradi asije kudai mshahara wake."

Jioni hiyo Bi Refugio alikuja na chetezo na majani yake makali. Alifukiza jikoni mpaka macho yakatoka machozi, akamzunguka Lorand akisoma sala zake, kisha akainama na kumwuliza, kwa sauti ya chini, "Wewe nani?"

Lorand alifungua macho. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, tamu, ya kumfanya mtu asogeze kiti karibu, na wala haikuwa na chembe ya lafudhi.

"Mimi ni mgeni wake. Alilala mle sandukuni akaomba apewe sauti. Nikamwambia anipishe. Akanipisha."

"Mrudishe mwenyewe," alisema Bi Refugio.

"Mmuulize yeye kama anataka kurudi na ule ulimi wake mbovu."

Bi Refugio akamwagia makaa maji.

"Mama, usiache," Piroska alimsihi. "Endelea."

"Aliyevunja mlango najua namna ya kumtoa, mwanangu. Huyu kafunguliwa na mwenye nyumba. Nguvu hiyo mimi sina."

Haukupita muda, studio nzima ikawa inazungumzia sauti ya Szalkai. Crewe alimpa picha mpya, ya kusema mwanzo hadi mwisho. Watu walimpongeza Piroska sokoni. Nyumbani alimsemesha mumewe Kihungari, lugha waliyoposana nayo, naye akamtazama kwa adabu na kumwuliza, "Samahani, bibi, umesema nini?"

Ile picha ya zimwi ilipoanza kuonyeshwa, Piroska alikwenda peke yake, onyesho la mchana. Zimwi lilitokea, watu wakapiga mayowe na kushikana. Yeye alikuwa akitazama macho. Chini ya ile rangi ya maiti, yalikuwa macho ya Lorand, yametoka pima, yakipekua viti safu kwa safu kama ya mtu aliyefungiwa chumbani akichungulia dirishani. Na chini ya muziki, chini ya miguno, kulikuwa na pumzi yenye filimbi, na sauti dhaifu ya Kihungari ikisema, "Piroska, hapa ni baridi. Piroska, niitie mtu."

Alisimama akamwitikia. Watu wa nyuma wakamwambia akae, anawazibia.

Zimwi likaungua, kama ilivyoandikwa liungue. Taa zikawashwa. Watu wakatoka wakicheka na kutaniana. Piroska alikwenda dirishani akanunua tiketi nyingine, akarudi kukaa safu ya mbele, ili walau Lorand atakapoanza tena kuita, aone kwamba mkewe yupo.