Barua Iliyofumuliwa

Chiriku hakuwa na kamusi. Hakuwa na meza ya kusomea. Alisomea kwenye pembe ya meza ya kukatia nguo, akijibana kati ya mkasi na rundo la vitambaa. Hakuwa na mkoba wa dukani, ila mfuko ulioshonwa kwa mabaki ya pazia la mteja. Hakuwa na mama, kwani mama yake alifariki yeye angali mdogo, na baba yake, dereva wa malori, alionekana nyumbani kwa nadra. Hakuwa na kaka wala dada wa kumwuliza maswali. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuwa nacho, ingawa mwenyewe hakujua kwamba amekikosa: hakuwa na subira.

Alichokuwa nacho kwa wingi ni mdomo. Majirani walimwita Chiriku kwa sababu, kama ndege huyo, alianza kupiga kelele alfajiri na kunyamaza usingizini tu. Alikuwa pia na shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea. Chumba chao cha mbele mchana kilikuwa duka la ushonaji, na jioni kikawa sebule. Kila asubuhi kabla ya shule Chiriku alifagia nyuzi, akaokota sindano sakafuni kwa kipande cha sumaku, akaitia cherehani mafuta, kisha akanywa chai yake amesimama.

Muhula huo mwalimu wa Kiswahili alikuwa akiwafundisha visawe, yaani maneno yenye maana moja au zinazokaribiana. Aliandika maneno ubaoni na kuwataka wanafunzi wakatafute visawe vyake nyumbani. Wenye kamusi walitabasamu. Aliyetabasamu zaidi ni mtoto wa mfamasia, mvulana aliyeitwa Profesa, ambaye kamusi yake ilikuwa nene kama tofali.

"Mimi nitafungua kamusi," alisema. "Wewe Chiriku utafungua nini? Mdomo?"

Darasa zima liliangua kicheko. Chiriku alifunga daftari lake kwa kishindo.

Jioni ile alimkuta Shangazi amelitandaza koti kuukuu mezani, akikata mishono yake kwa wembe, taratibu, kipande kwa kipande.

"Shangazi, mbona unaliharibu koti la watu?"

"Siliharibu, nalifumua. Mwenyewe anataka jipya kama hili. Nisipolifumua nitajuaje lilivyoshonwa? Huu mkono, hii kola, hiki ndicho kipande cha mgongoni. Ukishaona vipande, koti halina siri tena."

Chiriku alitazama, kisha akakumbuka maneno ya mwalimu: neno lina mzizi, lina viambishi vya mbele, lina viambishi vya nyuma. Alichukua daftari lake. Neno la kwanza lilikuwa *mpatanishi*. Akakata *m-* ya mbele, ambayo huonyesha mtu. Akakata *-ishi* ya nyuma. Likabaki *patan-*, la kupatana. Basi ni mtu anayewafanya wengine wapatane. Je, kuna neno jingine la kupatana? Suluhu! Akarudisha viambishi vilevile kwenye suluhu: *msuluhishi*. Alilisikia redioni mara nyingi bila kulielewa. Akaruka juu kwa furaha, na vifungo vikamwagika sakafuni.

"Ndiyo masomo hayo?" Shangazi aliuliza. "Haya, okota."

Kesho yake mwalimu alisoma majibu ya Chiriku mbele ya darasa na kusema kwamba huko ndiko kutumia akili. Profesa alifunga kamusi yake polepole. Chiriku alirudi nyumbani kama aliyevaa viatu vipya.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Shangazi akisema mteja amekuja, Chiriku alimsahihisha: "Sema amewasili."

"Basi amewasili kuchukua suruali yake, na suruali haijaisha. Nipe mkasi."

Jumamosi moja Shangazi alifunga duka mapema. Alitoa kabatini nguo ndogo ndogo za mtoto mchanga: magauni mawili, shuka la kumfunikia na kofia ya pamba iliyotariziwa ukingoni. Akazipanga mezani, akazinyoosha kwa kiganja ingawa hazikuwa na mkunjo.

"Kaa hapa uniandikie barua," alisema. "Ya mdogo wangu."

Chiriku alijua habari ile, ingawa haikuzungumzwa. Mdogo wake Shangazi alipoolewa, Shangazi alimshonea gauni la harusi kwa mikono yake. Siku ya siku, bibi harusi akatokea na gauni la kununua. Shangazi aliondoka kabla ya chakula bila kuaga mtu. Tangu hapo dada hao wawili hawakusemezana, na Shangazi akipiga simu, haipokewi. Sasa mdogo wake alikuwa amejifungua katika mji mwingine, na Shangazi alikuwa hajamwona mtoto.

"Andika," alisema Shangazi. "Mdogo wangu mpenzi. Siku ya harusi ulinikosea, lakini mimi nilikosea zaidi nilipoondoka bila kukuaga. Yaishe. Nakuomba tupatane. Nimemshonea mtoto vinguo. Nikubalie nije nimwone."

Chiriku alishika kalamu. Aliyaona maneno yale membamba mno, kama ya kuagiza vifungo. Barua muhimu hivi! Akaanza kuyafumua. *Ulinikosea*: ndani yake kuna kosa. Kosa ni hatia, na mwenye hatia si ndiye mhalifu? Akaandika "uhalifu ulioutenda siku ya harusi". *Tupatane* akaigeuza: "Nataka tufike kwenye usuluhishi." Na *nije nimwone* ikawa "nitawasili kumkagua mtoto". Alijiona msomi.

"Nisomee," alisema Shangazi. Yeye aliacha shule mapema. Maneno mafupi aliyasoma, lakini marefu yalimshinda.

Chiriku aliitazama karatasi. Akisoma alichoandika, Shangazi angesema rudisha maneno yangu. Basi akayasema yaleyale ya Shangazi kutoka kichwani, huku macho yakipita juu ya maneno mengine kabisa.

"Vizuri," alisema Shangazi, akafuta jicho kwa ncha ya kanga. Wakafunga kifurushi, barua ndani yake, wakakipeleka kwenye dirisha la vifurushi la kituo cha mabasi.

Wiki iliyofuata kifurushi kilirudi. Kilikuwa kimefungwa upya, na juu yake pana kikaratasi. Shangazi alikifungua kwa haraka, akaona magauni aliyoyashona, akakaa.

"Wamekosea anwani," alisema. "Soma hicho kikaratasi, mwanangu."

Chiriku alikisoma kimoyomoyo kwanza. Angeweza kusema anwani imekosewa. Angeweza kusema lolote, na Shangazi angeamini. Lakini alipomtazama, alimwona ameshika gauni dogo kifuani kama aliyebeba mtoto mwenyewe, akaamua kukisoma kilivyo.

"Anasema," alianza, "anasema hivi: 'Dada, kama mimi ni mhalifu, mtoto wangu hahitaji nguo zako wala ukaguzi wako. Ukitaka kunipeleka kwenye usuluhishi, nipeleke.'"

"Mhalifu?" Shangazi alinyanyuka. "Nani kamwita mhalifu? Mimi?"

"Mimi, Shangazi. Ni mimi niliyeandika. Nilibadilisha maneno yako, halafu nikakusomea yale ya kwanza. Nilidhani... nilidhani ni visawe. Nilitaka barua iwe nzuri."

Shangazi hakupiga kelele, na Chiriku alitamani angepiga.

"Mteja akiniletea kitambaa cha bluu," alisema mwishowe, "nikamshonea chekundu kwa sababu ninakipenda mimi, halafu nikamwambia hiki ndicho chako, nimemfanyaje?"

"Umemdanganya."

"Na bluu yake nimeipeleka wapi?"

Chiriku alilia. Shangazi akamwacha alie kidogo, kisha akamsogezea kikombe cha maji. "Kunywa. Umesema kweli wakati ungeweza kunificha. Hilo nimeliona. Lakini huyo shangazi yako mdogo uliyemwita mhalifu utamrudishia vipi moyo?"

Kesho yake, wenzake walipokwenda kucheza, Chiriku alibaki darasani akamweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu.

"Nami nilikusifu mapema mno, sikuwamalizia somo," alisema. "Kulifumua neno ni nusu ya kazi. Mzizi unakuonyesha maana ya neno, na visawe ni kama ndugu wanaofanana sura. Lakini je, ndugu wote hufanya kazi moja? Mtoto akivunja kikombe, ni kosa. Mtu akivunja duka la watu, ni uhalifu. Ukipata kisawe, kirudishe ndani ya sentensi ukipime. Kikibana au kikipwaya, kiache. Na ukiwa na shaka, tafuta kamusi."

"Sina kamusi, Mwalimu."

"Mwenzako anayo."

Wenzake waliporudi, ilimbidi ameze kiburi ili atembee mpaka dawati la Profesa. "Naomba nitazame kamusi yako," alisema.

Profesa alishika kifua. "Jamani, Chiriku anaomba kamusi! Leo jua limetoka magharibi."

"Cheka. Ukimaliza, unipe."

Profesa alimwona macho yalivyovimba, akaacha kucheka. Akamsogezea kamusi na yeye mwenyewe akasogea. Chiriku alimweleza habari ya barua, wakatafuta pamoja: uhalifu, usuluhishi, ambao ni kazi ya mtu wa tatu kati ya wenye kesi, na kagua. "Mama yangu wee," alisema Profesa. "Umemkagua mtoto mchanga kama mzigo wa bandarini?" Hapo hata Chiriku alicheka kidogo.

Jioni alimwambia Shangazi, "Tuandike tena. Lakini safari hii utaisoma mwenyewe."

"Nitaisoma na nini? Maneno marefu hunishinda, unajua."

"Gauni refu huwa linakushinda?"

Shangazi alikunja uso, kisha akatabasamu bila kutaka.

Chiriku aliandika yote aliyoambiwa, neno kwa neno, kwa herufi kubwa zilizoachana. Chini akaongeza yake, baada ya kumwomba Shangazi ruhusa: "Shangazi mdogo, maneno mabaya ya barua ya kwanza yalikuwa yangu mimi. Shangazi hakuyasema wala hakuyajua. Nisamehe." Kisha akaiweka barua mbele ya Shangazi pamoja na chaki ya kuchorea nguo.

"Kata penye mshono," alisema.

Shangazi alishika chaki. Kwenye *nilipoondoka* alisimama kama mtu aliyefika mtoni. Akachora mstari, akachora mwingine. "Ni... li... po..." alinong'ona. "Halafu *ondoka*. Kumbe mwisho wake ni kuondoka tu! Nilipo-ondoka." Akaendelea. Alifika *nakuomba*, akafika *tupatane*, na hapo alirudia mara mbili, si kwa sababu halikusomeka. Aliposoma maneno ya Chiriku, aliweka chaki chini.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mtu akikupa maneno yake uyaandike, amekupa kitambaa chake. Ukiona kuna kizuri zaidi, mwonyeshe achague mwenyewe. Na neno usilolijua vizuri, lipime kabla hujalikata. Elimu unayo, na mimi najivunia. Sasa itie subira."

"Nimesikia, Shangazi."

Shangazi alianza kupanga nguo upya. Aliweka gauni la kwanza, la pili, shuka. Akageuza karatasi ya kufungia, akakung'uta, akatazama chini ya meza.

"Kofia iko wapi?"

Walitafuta kila mahali. Kofia haikuwepo. Shangazi alikaa taratibu juu ya stuli ya cherehani, na uso wake ukabadilika.

"Hakuirudisha," alisema. "Amekasirika, amerudisha vyote, lakini kofia kaibakiza." Akasukuma karatasi mbele. "Niongezee mstari mmoja. Hapana, lete kalamu. Huu ni mfupi, nitauandika mimi."

Akainama, ulimi nje kidogo kama afanyapo akitunga uzi, akaandika kwa herufi zilizolala huku na huku: *Kofia imemtosha?*

Chiriku aliikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akapaka gundi. Shangazi aliibana kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, kama anayepima mshono, kisha wakaifunga pamoja na nguo, wakatoka mpaka kwenye dirisha la vifurushi na kumkabidhi karani kifurushi.