Biti Si Baiti

Kila alasiri, baada ya kufagia darasa, Lynnet na Jacktone wa Gredi ya Nane walibaki shuleni na klabu ya sayansi. Muhula huo klabu ilirekodi video kuhusu kutengeneza gesi ya kupikia kwa magugu ya ziwani. Jacktone ndiye aliyeshika kamera. Hesabu zote zilikuwa za Lynnet.

Siku ya mwisho ya kutuma video kwenye mashindano, Lynnet aliwatuliza wenzake. "Video ni megabaiti mia sita. Mtandao wa saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia, unatuma mbili kwa sekunde. Ni dakika tano tu! Haraka ya nini?"

Basi wakajikokota. Walipofika saiba mjini Kendu Bay pamoja na Mwalimu Gesare, mlezi wa klabu, zilisalia dakika thelathini mashindano yafungwe. Jacktone alianza kutuma. Dakika tano zikapita. Kompyuta ikaonyesha asilimia kumi na mbili.

Lynnet alipandwa na hasira. Akamwona Jacktone ameshika simu.

"Kumbe ni wewe! Unatazama mpira kwa mtandao huu huu!"

"Simu imezima, Lynnet. Haina chaji."

"Mwongo! Unatuharibia kazi ya muhula mzima!" Alimsukuma, kiti kikapinduka, Jacktone akaanguka. Watu wote wakageuka.

Jacktone aliinuka akijipangusa vumbi. "Basi tuma mwenyewe!" Akatoka.

Mwalimu Gesare aliiokota ile simu sakafuni, akabonyeza. Ilikuwa imezima kweli. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Lynnet zaidi.

"Soma lile bango ukutani."

"Megabiti mbili kwa sekunde," Lynnet alisoma.

"Megabiti, si megabaiti. Baiti moja ina biti nane. Haya, piga hesabu upya."

Mia sita mara nane, megabiti elfu nne na mia nane. Gawanya kwa mbili, sekunde elfu mbili na mia nne. Dakika arobaini! Lynnet alijikasirikia hadi machozi yakamtoka. Akakimbia nje.

"Jacktone, kosa ni langu. Nimekusingizia. Nisamehe."

"Umeniita mwongo mbele ya watu."

"Nitakuomba msamaha mbele ya hao hao."

Wakarudi ndani, Lynnet akafanya hivyo. Jacktone hakumtazama. Alivuta kiti, akasema kwa ukali, "Tupunguze ubora wa picha. Video itabaki megabaiti mia moja na hamsini."

Lynnet akahesabu polepole: megabiti elfu moja na mia mbili, sekunde mia sita. "Dakika kumi. Tutawahi."

Walituma, na video ikafika zikiwa zimesalia dakika chache.

Njiani Jacktone alitangulia peke yake, bado amenuna. Lynnet alitaka kumfuata, lakini Mwalimu akamshika bega.

"Mwache kwanza, ana haki ya kukasirika. Kukosea hesabu ni jambo dogo, Lynnet, hufutwa ikaandikwa upya. Lakini jina la mtu ukilichafua, halifutiki upesi hivyo. Siku nyingine mambo yakiharibika, kagua kazi yako kabla hujamlaumu mwenzako."