Lemosho kwa Jovitha, Marangu kwa Mama

Hakuna mtu anayenunua mabuti ya mlimani Mwanza mwezi wa pili, jua likichoma mawe mpaka mijusi wanatembea kwa kurukaruka. Kwa hiyo Jovitha alipoliona buti moja la kahawia likining'inia kwenye banda la mitumba pale Mlango Mmoja, soli nene kama tofali, alijua hana mpinzani. Wauzaji huning'iniza kiatu kimoja tu, wezi wasijisumbue. Akalivuta lile la kulia, akageuka kuuliza la kushoto liko wapi. La kushoto lilikuwa mikononi mwa kaka mmoja aliyechuchumaa nyuma ya rundo la jinzi.

"Samahani kaka, hilo ni pacha wa langu."

"Pacha wako nimemshika mimi tangu asubuhi, dada."

"Asubuhi gani? Banda ndiyo kwanza linafunguliwa."

Kaka akasimama, na kusimama kwenyewe kulichukua muda, maana alikuwa mrefu. Shati la drafti limepigwa pasi kali. Sabuni ya limau inajaribu kufunika harufu ya samaki bila kufaulu. Akalitazama gauni la Jovitha la kitenge cha bluu, akashusha macho taratibu mpaka miguuni.

"Dada, hii ni namba arobaini na mbili."

"Kusoma najua."

"Kumbe mguu wako ni..."

"Arobaini na mbili. Wewe je? Urefu wote huo unasimamia ngapi?"

Kaka akakohoa. "Arobaini na mbili."

Muuzaji alicheka mpaka akakalia marobota. Mwishowe dada akaondoka na buti, kaka akaondoka na namba ya simu, na muuzaji akafaidi kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kupunguza bei.

Kaka huyo ni Maige, mzaliwa wa Magu, fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Katika mji mzima wa Mwanza, yeye ndiye anayekwenda kazini na kofia ya sufu. Jovitha ni wakili, binti pekee wa mama wa Kihaya, na kilichowakutanisha ni ndoto moja: kupanda Kilimanjaro kabla mwaka haujaisha.

Simu zikaanza.

"Wakili, umelala?"

"Wakili halali, anaahirisha."

"Basi ahirisha kidogo, nimekukumbuka."

"Una ushahidi?"

"Nimechoma mkate nikikuwaza."

"Huo ni uzembe, siyo mapenzi."

Jumamosi walifanya mazoezi. Walipanda mawe ya Capri Point mpaka ziwa linaonekana lote, bluu huku, kijani kule, na kivuko cha Kamanga kikijikokota kama mtu aliyeshiba. Baadaye walishuka ufukweni kula sato wa kukaanga kwa mikono. Kwenye meza hizo Jovitha alimweleza habari za Byabato, mchumba wake wa zamani, mwanaume aliyekuwa anakubali kila kitu. Ukumbi? Sawa mpenzi. Tarehe? Sawa mpenzi. Wiki moja kabla ya ndoa ikagundulika kulikuwa na binti mwingine ambaye naye aliambiwa sawa mpenzi.

"Tangu hapo," alisema Jovitha, akimtoa sato mwiba, "mtu akiniambia sawa haraka, nashika mkoba wangu."

"Sawa," alisema Maige, na wote wakacheka. Msomaji, usicheke bado.

Jumapili moja ikaja habari ya njia. Mlima ni mmoja, lakini wakala wa Moshi aliwaletea njia mbili. Marangu ina vibanda vya mbao, vitanda na magodoro, na watu wengi wa kusalimiana nao. Lemosho inaanzia magharibi, mbali na kila mtu. Unalala kwenye hema siku zote, unakatiza nyika ya Shira huku upepo ukikuuliza nani kakutuma.

Jovitha hakusita. "Miaka saba nasikiliza watu wakigombea mipaka ya viwanja. Nataka kulala mahali pasipo na mpaka. Lemosho. Wewe unasemaje?"

Maige aliitazama picha ya hema lenye umande. Kitu kikampita usoni.

"Sawa mpenzi," alisema. "Lemosho."

Jumapili ile ile Mama Jovitha akampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia habari za porini huko. Huyo mtoto ni mmoja, sina wa akiba. Nasikia kuna njia ya vitanda?"

"Ipo mama. Marangu."

"Basi mpeleke huko kwenye vitanda. Umenisikia, baba?"

Kwao Magu, mama mkwe hajibiwi hapana. Maige alilelewa hivyo: mama mkwe akiongea, unainamisha macho, akikupakulia chakula na umeshiba, unaongeza. Na huyu hata mkwe hajawa bado, ni wa kutarajia, ambaye ndiye wa kuogopwa zaidi. Maige akainamisha macho mbele ya simu.

"Ndiyo mama. Marangu."

Kwa hiyo mwanaume mmoja, siku moja, alipanda mlima mmoja kwa njia mbili bila kutoka Mwanza.

Hazikupita siku nyingi. Jovitha alikwenda kwa mama yake Nyakato, akamkuta anamenya ndizi na kuimba.

"Yule kijana ana adabu," alisema mama. "Nimemwambia mpite kwenye vitanda, hajabisha hata kidogo."

Jovitha alikishika kisu cha ndizi, akakiweka chini taratibu. Alitoka uani na kupiga simu.

"Maige, tunapita njia gani?"

"Lemosho, wakili wangu."

"Na mama ulimwambia gani?"

Nyuma ya Maige mitambo ya kiwanda ilikuwa inanguruma.

"Nijibu."

"Nilimwambia Marangu. Ni mzazi, Jovi, ningemjibuje?"

"Ungemjibu ulichonijibu mimi. Au mimi ungenijibu ulichomjibu yeye. Sasa nitajuaje ndiyo yako ipi ni ya kweli? Ukiniambia unanipenda, hiyo umemwambia nani mwingine?"

Hakukata simu kwa hasira. Alisema, "Usiku mwema, Maige," saa nane mchana, akakata. Hilo ndilo lililomuumiza Maige.

Wiki mbili Maige alikaa na barafu yake. Alipiga, haikupokelewa. Aliandika ujumbe wa samahani, akaufuta. Alijua samahani nayo ni aina ya sawa. Jumapili ya tatu alivaa suruali nyeusi na shati jeupe lililokaza kola, akaenda Nyakato bila kuitwa.

Mama alimpokea kwa shangwe ya Kihaya, maana yake sahani ilijaa ndizi na nyama kabla hajakaa. Jovitha alikuwepo, kanga mabegani, uso umefungwa kama ofisi ya serikali Ijumaa jioni. Maige alikula, akamaliza. Mama akanyanyua upawa.

"Ongeza, baba."

"Hapana mama," alisema Maige. "Nimeshiba."

Upawa ukabaki hewani. Jovitha akainua macho.

"Na nisamehe, mama," aliendelea, jasho likimtoka kwenye paji la uso, yeye mtu wa majokofu. "Nilikudanganya kuhusu njia. Nakuheshimu, lakini Jovitha ni mtu mzima, kachagua Lemosho. Siwezi kukuahidi kwamba nitamgeuza, wala sitamgeuza."

Mama akaurudisha upawa kwenye sufuria. "Kwa hiyo mnakwenda wote porini."

"Hapana mama."

"Hapana tena?" alisema Jovitha, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu mgeni aingie.

Maige akamgeukia. "Jovi, mimi Lemosho siitaki. Kwako pori ni likizo. Kwangu lilikuwa kazi. Nimechunga ng'ombe wa baba utoto wangu wote, nikilala nje na mvua inaninyeshea, nikiapa kwamba nikiwa mkubwa nitalala penye ukuta. Mchana kutwa niko kwenye baridi ya kiwanda. Mlima naupenda, nitaupanda, lakini jioni nataka kitanda. Ilifaa nikwambie siku ile. Niliogopa utaniona mwanaume wa magodoro."

Nje jogoo wa jirani aliwika saa ambayo siyo yake.

"Wewe ni mwanaume wa magodoro kweli," alisema Jovitha hatimaye. Lakini alihama kiti, akakaa karibu naye. "Umenikatalia mbele ya mama yangu."

"Nimewakatalia wote wawili."

"Nimehesabu."

Mama aliwatazama, akatikisa kichwa. "Mkwe mwenyewe mbishi," alisema, na kwa namna alivyolitamka lile neno mkwe, mambo ya posa yalikuwa yameshaanza.

Hivyo Septemba kila mmoja alipita njia yake. Jovitha alitangulia na mahema yake, kwa kuwa Lemosho ni ndefu. Maige akafuata Marangu. Mtandao ulipopatikana, simu ziliita.

"Mwanaume wa magodoro, umelalaje?"

"Nimelala kama mbunge. Wewe?"

"Kucha zimeganda. Nyota ziko karibu, Maige, kama za kuchuma."

"Nichumie moja, nitakwenda nayo kazini."

Walikubaliana kukutana Stella, karibu na kilele, ambako njia zao zinaungana. Jovitha alifika jua likichomoza, midomo imepasuka, amejifunga skafu nyekundu mpaka puani. Alisubiri. Baadaye lile umbo refu likaja polepole, hatua moja, pumzi mbili, na kofia yake ya kiwandani. Walikumbatiana kama magunia, kwa sababu ya makoti.

"Maige."

"Naam, wakili."

"Mama anasema Disemba ukoo wote unakuwa Bukoba. Tufunge ndoa Disemba?"

Maige alivuta pumzi, akavuta nyingine.

"Hapana," alisema. "Disemba tunafungua mitambo yote kwa matengenezo, nitakuja kanisani na grisi. Januari."

Jovitha akamtazama mtu huyo, jua usoni, barafu kwenye kope, akacheka mpaka ikabidi ashike fimbo yake kwa mikono miwili.

"Januari mwanzoni," alisema.

"Mwishoni. Mwanzoni watu wana ada za shule, nani atachanga?"

"Katikati, bwana."

"Mwishoni."

Walibishana pale pale kwenye upepo, vidole vimefumbatana ndani ya glovu, mpaka mwongozaji akaja kuwakumbusha kwamba kilele chenyewe bado kiko mbele.