Plagi Ilikuwa Mfukoni

Saa kumi alasiri ya Jumamosi, umeme ulikatika katika stoo isiyo na dirisha ambamo rafiki yangu, mkata nyasi wa shule, alikuwa akitengeneza mashine ya kukatia nyasi ya marehemu mumewe. Injini yake ilivuja oili. Mwalimu mkuu alishamwonya: ikivuja tena uwanjani Jumatatu, kazi anapewa mwingine.

Alikuwa amebadilisha gasketi inayozuia oili kupenya, akajaza oili na kutandika kadibodi safi chini ya injini ili aone kama bado inadondoka. Plagi, ile inayotoa cheche za kuwashia injini, aliichomoa akaitia mfukoni, kama alivyozoea mumewe, ili mtu asije akaiwasha mashine bila ruhusa.

Mchana, mdogo wake marehemu alikuwa amepita. "Shemeji, iuze kwa wa vyuma chakavu. Mwenyewe hata kaburini hataki iguswe."

"Asiyetaka aje aniambie mwenyewe. Wewe nenda kapumzike."

Sasa, gizani, akasikia kamba ya kuwashia ikivutwa: mara mbili kwa kifupi, mara moja kwa kirefu. Marehemu aliivuta hivyo.

"Vuta mpaka uchoke, baba watoto," akasema. "Jumatatu nakata nyasi."

Injini ikanguruma. Akapapasa mfuko; plagi ilikuwamo. Hakutoka. Alisimama palepale, mikono kiunoni, mpaka mngurumo ukazimika wenyewe.

Umeme ulirudi saa kumi na moja na dakika kumi. Kadibodi ilikuwa kavu. Alipogusa bomba la moshi, likamuunguza.

Jumatatu nilimkuta uwanjani akikata nyasi. Lengelenge lilikuwa bado kidoleni.