Ahadi ya Dada Pamba

Katika chumba cha vidonda cha zahanati, kazi huanza mapema na vilio huanza mapema zaidi. Watoto hulia kabla hata ya kuguswa. Muuguzi wa chumba hicho ana dawa yake: humpa mtoto kipande cha pamba akipulize, na mtoto akiwa bado anapuliza, bandeji imeshabanduka. Ndiyo maana watoto walimwita Dada Pamba, na wakubwa nao wakafuata.

Asubuhi moja aliingia Fundi, mshonaji wa nguo, amemshika mkono binti wa marehemu kaka yake. Dada Pamba alifurahi kumwona. Fundi alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, tena mtu wa mizaha. Hata sare aliyovaa Dada Pamba ilitoka kwenye cherehani ya Fundi.

"Jirani, nimekuletea mgonjwa," Fundi alisema. "Kajichoma na pasi. Hatulii huyu, utadhani ana siafu miguuni!"

Dada Pamba akacheka. Mtoto hakucheka. Hapo pakawa na jambo, maana mtaani aliitwa Chiriku kwa wingi wa maneno yake.

Kidonda kilikuwa nyuma ya paja. Upande mmoja kilichongoka, na kingo zake zilinyooka vizuri. Kicheko kikamkauka Dada Pamba. Anayegusa pasi kwa bahati mbaya huruka, akabaki na alama ndogo, mara nyingi mkononi. Lakini hapa pasi nzima ilikuwa imechora umbo lake, tena mahali ambapo mtoto mwenyewe hapaoni.

"Ulijichomaje, Chiriku?" aliuliza.

Mtoto alimtazama baba yake mdogo kwanza. "Niliiegemea."

"Si umesikia?" Fundi alisema, akitabasamu.

Kumuuliza mtoto mbele ya mtu anayemwogopa lilikuwa kosa. Dada Pamba alilitambua, akamtuma Fundi kwenye dirisha la dawa. Kisha akafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Aliinama akanong'ona, "Niambie mimi tu. Naapa sitamwambia mtu. Siri yako ni siri yangu."

Chiriku alikuwa amekumbatia kipande chake cha pamba. "Nilikata vibaya kitambaa cha mteja," alisema. "Baba mdogo akanilaza kwenye meza akaniwekea pasi. Alisema nikimwambia mama, mama naye atachomwa."

Mama yake alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza bibi. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu, Chiriku na Fundi.

"Mnanong'ona nini?" Fundi alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama hapo tangu lini?

"Namsifu. Hakulia," Dada Pamba alisema.

"Vizuri. Basi kuanzia kesho hatukusumbui. Bandeji utambadilishia nyumbani. Sisi si ni wa ukuta mmoja?" Fundi akatabasamu tena. "Na wanao si hushinda kwangu dukani? Tunaleleana."

Dada Pamba alimwomba Fundi asubiri kwenye benchi la nje. Alimwita muuguzi mwenzake akae na mtoto, kisha akaenda mbio kwa muuguzi mkuu, aliyeitwa Mama Zamu. Alimweleza yote.

"Mtoto yuko na nani sasa?" Mama Zamu aliuliza kwanza.

"Na mwenzangu. Lakini Mama, nimeahidi siri! Nimeapa!"

"Mwanangu, umetoa ahadi ambayo hukuwa na haki ya kuitoa. Siri za mgonjwa tunazitunza, ndiyo. Lakini mtoto akiumizwa, sheria inatutaka tuwaambie wanaoweza kumlinda. Hao tu, si mtaa mzima."

"Na kama nimekosea? Kama ilikuwa ajali kweli?"

"Wewe si hakimu. Hakuna anayekuomba ushahidi wa kumfunga mtu. Ukishuku kwa nia njema, toa taarifa siku hiyohiyo. Uchunguzi una wenyewe."

"Anaishi ukuta wa pili, Mama! Ana maneno ya kunitisha tayari. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," Mama Zamu alisema, akinyanyua simu. "Lakini atakayerudi naye nyumbani ni mtoto, si wewe wala mimi. Taarifa itatoka zahanati, hutasimama peke yako. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usiongeze lako. Usimhoji tena. Na Fundi usimkabili. Mwambie kwamba daktari atakiona kidonda, kwa sababu kweli atakiona."

"Na ahadi yangu?"

"Uliitoa wewe, uivunje wewe. Mwambie mtoto mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine."

Dada Pamba alirudi chumba cha vidonda. Alipiga magoti mbele ya kitanda.

"Chiriku, nilikuahidi vibaya. Siwezi kuificha siri hii. Nitawaambia watu ambao kazi yao ni kukulinda wewe na mama."

"Uliapa!" Mtoto alimtupia pamba usoni, akageukia ukutani. Dada Pamba akaona aibu, na machozi yakamtoka.

Afisa wa ustawi wa jamii alifika na askari wa dawati la watoto. Fundi alisimama taratibu kutoka kwenye benchi. Alimtazama Dada Pamba kuanzia kola hadi pindo la sare, kama mtu anayechukua vipimo.

"Jirani," alisema. Wakaondoka naye.

Chiriku alipelekwa kwa mama yake mkubwa, na mama akarudi kwa basi la kwanza. Lakini hofu haikuondoka na Fundi. Dada Pamba aliwapeleka wanawe kwa dada yake. Kila mlango ulipogongwa, alishtuka. Bombani, wanawake walinyamaza alipofika, na mmoja alisema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako." Alijaza ndoo yake akaondoka.

Baadaye kesi ilisikilizwa. Fundi alihukumiwa kifungo, na bombani maneno yakageuka. Katika zahanati, Mama Zamu aliwakusanya wauguzi. Tangu siku hiyo, mtoto mwenye kidonda cha kutiliwa shaka husikilizwa pembeni, na hakuna muuguzi anayeahidi siri.

Lakini Chiriku hakusamehe upesi. Alikuja na mama yake kubadilishiwa bandeji, akakataa pamba. Kidonda kikapona, naye bado hakumsemesha Dada Pamba.

Kisha alasiri moja aliingia amevaa sare ya shule. Alikuwa anamvuta msichana mwenzake, ambaye alificha mkono mmoja ndani ya sweta.

Msichana yule alisita mlangoni. "Nikimwambia, atasema?"

"Atasema," Chiriku alijibu. "Ndiyo maana nimekuleta kwake."

Akamnyooshea Dada Pamba kiganja, akaomba vipande viwili vya pamba.