Dakika za Atuganile

Manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya soko la Tukuyu, na watu wa Tukuyu, kama kawaida yao, hawakuyajali. Atuganile, gauni la kitenge cha njano, sweta jeusi, mwavuli begani, alisimama mbele ya turubai la mitumba akizikodolea macho raba za bluu.

"Jaribu, dada mzuri," alisema muuzaji, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu na mwepesi wa kucheka. "Zikikutosha hizi, Mlima Rungwe utaupanda unaimba."

"Siwezi."

"Bei tunaongea."

"Nimesema siwezi kuinama!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Wauza maparachichi wakageuka.

Kijana hakucheka. Alipiga goti kwenye tope, akamvua kandambili, akamfuta miguu kwa kitambaa, akamvalisha raba na kufunga kamba taratibu. "Haya, tembea tuone. Naitwa Ambokile. Mtu niliyempigia goti sharti anijue jina."

Atuganile akaangua kicheko, mwenyewe akakishangaa. Zamani alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya Bagamoyo, mtaa wao wa hapohapo Tukuyu. Kisha akateleza na ndoo ya maji kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, na kwa miaka miwili mgongo umemuuma asubuhi, umemuuma jioni, ingawa picha zilionyesha mfupa ulishapona. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ya Makandana alikuwa amemweleza juzi tu: "Mgongo wako ni mbwa wa nyumba iliyowahi kuibiwa. Sasa anabwekea hata kuku. Usimpige, usimfungie. Mzoeshe. Tembea dakika kumi, kila wiki ongeza mbili. Siku njema usizidishe. Siku mbaya punguza, ila usiache."

Ndiyo maana alihitaji raba.

Akamweleza Ambokile habari za dakika zake, wakapeana namba, na simu zikaanza wiki ileile.

"Mama Dakika, umeamka?"

"Usiniite mama, sijakuzalia."

"Utanizalia."

"Kata simu, Ambo, naenda kutembea!"

Akawa anatembea huku anatabasamu peke yake, wachuma chai wakimshangaa. Mwezi wa pili Ambokile akauliza, safari hii bila utani, "Nimtume mshenga kwenu?"

"Ngoja nipone kwanza," akajibu Atuganile. "Sitaki uoe mgonjwa."

Alipofikisha dakika ishirini na nne, rafiki yake Justa akamwalika kwenye jogging ya Jumamosi. Alivaa fulana nyeupe, akasuka nywele mtindo wa mbili kichwa, akashika nafasi ya mwisho. Kimbia kidogo, tembea kidogo. Mgongo ukabweka, akauacha ubweke. Ndipo aliposikia nyuma yake: trrr, trrr. Bodaboda, gia ya kwanza. Akienda, inaenda. Akisimama, inasimama.

"Kaka, si upite?"

"Sipiti, dada. Ambokile kanituma nikufuate. Ukidondoka, nikubebe."

Kundi zima likasikia. Justa alicheka mpaka akakaa chini. Atuganile hakucheka. Alisogea pembeni, akampigia Ambokile.

"Umeniletea gari la wagonjwa?"

"Mpenzi, ukikunja uso tu mimi roho inaniruka..."

"Uso ni wangu! Miaka miwili naogopa peke yangu. Leo ndiyo kwanza nimethubutu, wewe unaniongezea woga wako juu ya wangu. Usinipigie tena."

Hakupiga. Wiki mbili. Siku nyingine Atuganile alitembea analia, siku nyingine alitembea dakika kumi na mbili tu akarudi kulala. Lakini kesho yake alitoka tena.

Asubuhi moja, dakika ya ishirini, barabara ya kati ya mashamba ya chai, akamwona mzee wa koti la kijivu anakuja. Mzee Lazaro. Baba yake Ambokile.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona, anajificha. Atuganile alijua desturi hiyo, kama alivyojua kwamba yeye hajaposwa na wala hasemi na mtoto wa yule mzee. Miguu haikungoja hayo yote. Iliruka mtaro, akatua ng'ambo, akachuchumaa katikati ya chai, maji ya majani yakamlowesha hadi kifuani.

Mzee akasimama. Akageuzia uso mlimani kama adabu inavyotaka, akatoa simu.

"Ambokile! Si uliniambia yule binti amekukataa? Mbona ananikimbia? Wakamwana wangu nawajua, wako Ikuti wanapalilia. Huyu aliye kwenye chai ni wa nani? Njoo umtoe, atapata baridi. Ndaga, asante."

Ambokile alifika mbio, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Umeumi..." Akajiuma ulimi.

"Unauma," alisema Atuganile akisimama, majani nyweleni. "Unauma kweli. Lakini nimeruka mtaro, Ambo! Umeuona ulivyo mpana?"

"Mimi nimezungukia kwenye daraja."

Wakacheka mpaka machozi.

"Nisamehe," akasema Ambokile. "Nilidhani kukupenda ni kukuzuia usidondoke."

"Nikidondoka, nipe mkono. Kabla ya hapo nisindikize tu. Na usiniulize kama unauma. Niulize zimebaki dakika ngapi."

"Zimebaki ngapi?"

"Nane."

"Na mshenga?"

Atuganile akakamua maji ya gauni, akavuta pumzi. "Nimechoka kumsubirisha. Aje Jumapili. Maumivu yakitaka kuja harusini, yaje. Yatakaa viti vya nyuma."

Mzee Lazaro, ambaye hakupaswa hata kusikia, alikohoa kicheko ndani ya koti. Nao wakashika njia ya kurudi mjini, bega kwa bega, maana mbele alikuwa amesimama baba mkwe, na mkamwana hampiti.