Kabati la Mama Dorothea

Nyumbani kwa Lameck na Emiliana, huko Miyuji, nguo zilikaa kila mahali isipokuwa mahali pa nguo. Nyingine zilikuwa kwenye mabegi chini ya kitanda. Nyingine zilining'inia kwenye misumari nyuma ya mlango. Ukitaka shati moja, ilibidi ufungue mabegi yote. Na vumbi la Dodoma halina adabu, huingia hata kwenye begi lililofungwa zipu. Emiliana huimba kwaya kanisani. Jumamosi alifua joho lake, na Jumapili alilikung'uta tena kabla ya kulivaa.

Hayo walishayazoea. Kilichomuuma Lameck ni mama yake.

Mama Dorothea aliishi peke yake kijijini Mvumi. Magoti na mabega yalikuwa yameanza kumgomea. Mwaka uliopita alikuja kukaa nao, wakampa chumba cha pili pamoja na mjukuu wake mdogo, Brightness. Lakini chumba kilijaa magunia na mabegi. Mzigo wake, uliofungwa kwa shuka, uliwekwa mlangoni. Kila alipotaka kanga aliinama kwa shida, akafungua fundo, akatoa kanga, akafunga tena. Haukupita muda mrefu akaaga. Lameck alimbembeleza abaki.

"Mwanangu," mama alimjibu kwa upole, "mzigo wangu uko mlangoni tangu nifike. Mimi hapa ni mgeni. Acha nirudi kwangu."

Maneno hayo yalimkaa Lameck rohoni. Mama alipokubali kuja tena baada ya mavuno, Lameck aliapa kwamba safari hii atakuta mahali pake. Akaamua kutengeneza kabati kwa mikono yake.

Lameck anafanya kazi kwenye shamba la zabibu. Kazi yake ni kupogoa mizabibu na kuchimbia nguzo za kuishikilia. Hakuna anayemshinda kwa kunyoosha mstari wa nguzo. Basi akafanya anavyojua. Alichukua mtaimbo, akavunja sakafu ya saruji kwenye kona ya chumba, akachimba mashimo, akasimamisha nguzo za mti. Kisha akapigilia mbao juu yake kwa misumari mirefu.

Emiliana alirudi kutoka sokoni akakuta vipande vya saruji mlangoni. Sakafu ile walikuwa wameiweka kwa kujinyima.

"Baba Brightness," aliuliza, "unapanda mizabibu chumbani?"

Lameck alimweleza kwamba nguzo isiyochimbiwa haisimami, na kwamba hata banda la mbuzi la mama limesimama hivyo hivyo miaka yote. Emiliana alilitikisa kabati, akakuta ni imara kweli. Akapanga nguo. Joho la kwaya akaliweka juu kabisa.

Mvua zikaja, zikakolea. Jumapili moja Emiliana alivuta joho lake, likatoka na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ardhini kupitia kwenye nguzo, wakala mbao, wakafika kwenye joho. Mgongo wote ulikuwa matundu. Emiliana alikaa kitandani akalia. Lameck alishika nguzo moja, ikavunjika mkononi kama mkate mkavu. Mavuno yalikuwa yanakaribia, na mama angekuja kukuta shimo.

Alikuwa anang'oa nguzo za mwisho kwa hasira, jirani yao Batuli alipobisha hodi. Batuli ni fundi seremala mwenye karakana yake pale mtaani. Ni Mnyamwezi wa Tabora na Lameck ni Mgogo, kwa hiyo wawili hao ni watani, na watani hawaoneani huruma. Alipoona mashimo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mtani, kabati hulimwagilii likaota," alisema. "Umewajengea mchwa ngazi."

Lameck naye akashindwa kujizuia, akacheka. Hata Emiliana alifuta machozi akacheka.

Kisha Batuli akaacha mzaha. Aliwaeleza kwamba mti unaogusa udongo ni chakula cha mchwa. Kabati lisimame juu ya matofali, tena liachane kidogo na ukuta ili kila wiki mchungulie nyuma. Mkiona mstari wa udongo, mnaukwangua mapema na kutafuta unakotokea. Halafu akauliza kabati lenyewe ni la nani. Lameck akajibu kwamba ni la mama yake.

"Mama akiinua mkono anafika wapi?" Batuli aliuliza.

Lameck hakujua. Alikuwa amepima ukuta. Mama hakumpima.

"Basi tutengeneze shelfu zinazohama," Batuli alisema. "Akija, atachagua mwenyewe."

Siku iliyofuata Lameck aliziba mashimo ya sakafu kwa saruji. Batuli alimletea mbao pana za paini zilizokwishapigwa randa. Mbao mbili ndizo zingekuwa kuta za kabati. Kila ubao ulitakiwa kutobolewa safu mbili za matundu, moja mbele na moja nyuma, kuanzia chini hadi juu. Matundu yasitokeze upande wa pili. Batuli alifunga utepe kwenye ncha ya drili ili Lameck ajue pa kukomea.

Ili matundu yalingane, walitoboa kwanza kipande chembamba cha ubao. Kati ya tundu na tundu waliacha upana wa kiganja. Kipande hicho ndicho kikawa kipimo. Unakilaza juu ya ubao mkubwa, unatoboa palepale kilipotobolewa. Lameck alifurahi. Hii ilikuwa kazi ya kunyoosha mistari, na mistari ndiyo fani yake.

Kwa furaha hiyo akasahau jambo moja. Ubao wa pili aliupimia kuanzia juu, ilhali wa kwanza aliuanzia chini. Walipojaribu shelfu, ilikaa mshazari. Emiliana aliweka ndimu juu yake, ikabingirika ikaanguka sakafuni, na Brightness akaikimbilia akipiga makofi. Batuli hakumgombeza. Alileta ubao mwingine, akachukua penseli, akaandika "CHINI" kwenye miguu ya mbao zote mbili, akamwambia aanze upya kutoka hapo. Ubao uliokosewa ulikatwa ukawa shelfu.

Kwenye matundu walichomeka vipande vifupi vya nondo nyembamba. Shelfu moja inalala juu ya vipande vinne, bila msumari. Kila shelfu waliikata fupi kidogo kuliko nafasi yake, ili iingie na kutoka bila kukwama. Mbao za juu kabisa na chini kabisa ndizo pekee walizofunga kwa skrubu, na nyuma wakaweka ubao wa kukaza ili kabati lisiyumbe. Mwisho walilisimamisha juu ya matofali, na Batuli akalifunga ukutani kwa juu, akiacha nafasi ya kuchungulia nyuma. Brightness alikuwa kwenye umri wa kupanda kila kitu, na kabati likimwangukia mtoto si mchezo. Emiliana alishona pazia la kitenge la kuzuia vumbi. Kwa kitenge kilichobaki alitia joho kiraka, na kwaya nzima ilimtania.

Mama Dorothea alifika baada ya mavuno, mzigo wake kichwani mwa mwanawe na kibuyu cha mafuta mkononi mwake. Lameck alimpeleka chumbani, akavuta pazia kwa majivuno. Shelfu ya mama ilikuwa tupu, safi, na nzuri. Mama aliinua mkono. Bega likamkatalia njiani. Alitabasamu, akasema kabati ni zuri sana, akageuka kwenda kuweka kibuyu mlangoni.

Lameck alishtuka. Kisha akakumbuka alichokuwa ametengeneza. Alichomoa shelfu, akachomoa vipande vya nondo, akaviteremsha.

"Keti hapo kitandani, mama," alisema. "Hapa? Au chini zaidi?"

Mama aliketi akaangalia, bila kuamini kwamba ubao unamsikiliza. "Chini kidogo," alisema. "Kidogo tena. Hapo."

Kibuyu hakikuingia, kilikuwa kirefu. Mama mwenyewe alisema shelfu ya juu yake ipandishwe, ikapandishwa, kibuyu kikakaa. Sasa alikuwa anacheka na kuamuru kama mwenye nyumba.

Ndipo akafungua mzigo. Alipanga kanga zake moja moja, bila kuinama wala kunyoosha bega. Alipomaliza, alikung'uta lile shuka lililofungia mzigo, akalikunja, akalisukuma nyuma kabisa ya shelfu.

Emiliana alipiga kigelegele, na Batuli akakiitikia akiwa karakanani kwake.

Mama Dorothea bado yuko Miyuji. Shelfu zimehamishwa mara nyingi, kwa sababu Brightness anakua na nguo zinaongezeka. Lile shuka la kufungia mzigo hakuna aliyeligusa.